Sita ya Dochka

Dochka, mfugaji nyuki wa kijiji kimoja cha Bulgaria, alichoka kufungua mizinga kila baridi ikiisha na kukuta nyuki wafu tupu. Majirani kila mmoja alikuwa na dawa yake ya kubahatisha. Basi aliposikia kuna kozi ya bure ya magonjwa ya nyuki kwenye mtandao, ya chuo kikuu cha mbali, akajiandikisha, na shoga zake wakamfuata. Walijazana mbele ya kompyuta ya maktaba ya kijiji, vicheko tele. Ulipofika msimu wa kuchoma pilipili hoho na kuzitia kwenye chupa, mmoja akatoroka, mwingine akatoroka, hadi akabaki Dochka peke yake na Vasilka, binti mtunza maktaba.

"Mwalimu humjui, naye hakujui," mumewe Gancho alimchokoza. "Darasa la watu maelfu, nani atakuona ukisinzia?"

"Wewe mwalimu alikusimamia puani. Ulijifunza nini?"



Kwa kuwa mwalimu hawezi kusoma kazi za watu wote hao, mtihani wa mwisho walisahihishana wenyewe. Dochka aliangukiwa na kazi ya Eusebio, mfugaji wa Peru. Aliisoma mara mbili, raha tupu. Akampa sita.

Kesho yake Eusebio akamwandikia: "Dada, mbona umeniangusha? Bila cheti hiki ushirika wetu haunipi kazi ya kukagua mizinga."

"Nimemwangusha vipi? Si nimempa sita!"

Vasilka akashika kichwa. "Shangazi Dochka, hawa wanahesabu mpaka kumi, na chini ya saba umeanguka!"

Maagizo hakuyasoma. Angeyasoma ya nini? Shule zote za kwao sita ndiyo alama ya juu kabisa. Mtoto akiileta nyumbani, bibi yake anawasha jiko amwokee keki.

Alama zake mwenyewe zilikuwa zimeshatoka, amefaulu vizuri. Vasilka akauliza kama amchapie cheti.

"Cheti gani, na mwenzangu nimemzamisha?"

Akawaandikia wenye kozi. Mashine ikamjibu kuwa alama zikifungwa zimefungwa. Akaandika tena, mashine ikarudia yaleyale. Dochka akapandwa na hasira, akaenda kwenye ukurasa wa wanafunzi wote, akaandika mbele ya maelfu: "Mimi Dochka wa Bulgaria ndiye niliyekosea. Sikusoma maagizo. Eusebio hana kosa. Someni kazi yake mseme wenyewe."

Wakaisoma, wakasema, tena kwa kelele. Ukurasa ulijaa mpaka mwalimu mwenyewe, mtu wa nyama na damu, akajitokeza na kuisahihisha upya. Eusebio akapita.

"Sasa chapa," Dochka akamwambia Vasilka.

Jioni ile Gancho alikibeba cheti mpaka kilabuni, hakuomba hata ruhusa.

"Msikiguse na mikono yenu ya mafuta," aliwafokea wenzake. "Chuo kizima kilikuwa kimelala. Mke wangu ndiye aliyekiamsha."