Kozi Sita za Wodi ya Wazazi

Restuta alikuwa mtu wa kuaminika, na hilo ndilo lililomponza. Kijiji chao cha Mabira kilipoamua kujenga wodi ya wazazi kwa nguvu za wananchi, hakuna aliyebishana: katibu wa kamati awe yeye, mjane asiyejua kuchelewa. Kila Ijumaa alituma wilayani, kwa simu, asilimia ya kazi iliyofanyika. Boma la wodi likifika lenta, usawa wa juu ya milango, kwa tarehe iliyopangwa, mabati yangeletwa. Lisipofika, yangekwenda kijiji kingine.

Ratiba ilikuwa nzuri, ila aliyeiandika alisahau kuwa watu hufa. Msiba ukitokea huku, hakuna anayeshika jembe wala mwiko mpaka marehemu azikwe. Wiki ya nne alifariki mzee mmoja, msaragambo, ile kazi ya pamoja, ukalala. Restuta akatazama ratiba, akaona robo ya siku za ujenzi imekwisha, akaandika asilimia ishirini na tano. Tutafidia, alijiambia. Nani asingesema hivyo? Ikaja misiba mingine mitano, naye kila Ijumaa akahesabu siku badala ya ukuta. Uongo ni kama mgomba, ukiotesha mmoja machipukizi huja yenyewe.

Kufikia Juni simu ilisema tisini. Ukuta ulikuwa na kozi sita, mistari sita ya tofali, kati ya kumi na mbili za kufika lenta. Jumapili, baada ya misa, mwenyekiti wa kijiji aliisoma hiyo tisini, watu wakapiga makofi, na Restuta akatamani ardhi ipasuke immeze. Aseme kweli, mabati yaende zake. Anyamaze, lori la mabati lije Alhamisi likute mbuzi wamelala wodini. Alikuwa amenaswa, na mtego aliutega mwenyewe. Maharage aliyoyaanika aliyasahau uani, kuku wakafaidi.

Jumatatu alikuja mkamwana wake, Kemirembe, tumbo likimtangulia mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujaenda tu Nyakahanga?"

Walikwisha kubaliana apange chumba karibu na hospitali, maana mtoto wa kwanza nusura azaliwe njiani, juu ya bodaboda.

"Nimeghairi, mama. Chumba cha nini, na wodi yetu imebakiza asilimia kumi? Nitajifungulia hapa, karibu na wewe."

Restuta alichukua daftari la kamati akashuka hadi kwenye boma, akamkuta fundi Placidius anaosha mwiko.

"Fundi, kozi moja huchukua muda gani?"

"Watu wakija, wiki."

"Basi zimebaki wiki sita."

"Asipokufa mtu. Andika kumi." Placidius alijifuta mikono. "Mimba ndiyo huhesabiwa siku, mama. Ukuta tunahesabu kozi. Ungeniuliza tu."

Hilo lilimchoma kuliko tusi. Miezi minne alikuwa akipita pale kila siku, macho yake mazima, na kuhesabu hadi kumi na mbili hakumshindi mtoto wa chekechea.

Mficha uchi hazai. Restuta aliupiga ukuta picha, akamtumia mhandisi wa wilaya na maneno matatu: "Kozi sita tu." Jibu lilifika kabla hajarudi nyumbani. Mabati yanapelekwa kwingine, ninyi subirini mwakani.

Habari haikukawia. Mwenyekiti alipita mbele ya nyumba yake, hakumsalimia. Restuta aliona aibu, na aliogopa Jumapili, kwa kuwa wangekuwapo wale wale waliopiga makofi. Lakini kabla ya hiyo Jumapili kulikuwa na Kemirembe. Akamwita, akamfunulia daftari.

"Ukuta unataka wiki kumi, na bati hakuna."

"Lakini si walisoma tisini kanisani?"

"Mimi ndiye niliyeiandika."

Kemirembe aliweka mkono juu ya tumbo.

"Wewe umebakiza wiki ngapi?" Restuta aliuliza.

"Mbili, mama."

"Kafunge mzigo. Bodaboda nitaita mimi."