Sanamu ya Bwana Imepasuka, Nami Nafundishwa Kusema Ni Mimi

Ndugu wasomaji, mwenye ukurasa huu amekubali kulificha jina langu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minne, nina mke na watoto, na ni boyi katika nyumba ya bwana mmoja wa serikali hapa Kasongo. Kazi yangu kubwa ni kutunza chumba cha sanamu alizokusanya vijijini.

Adui wa chumba kile ni unyevu. Wakati wa mvua kuta zinatoa jasho, ukungu mweupe unaota juu ya mbao. Bwana alinifundisha kuweka chokaa kavu kwenye masahani na kuibadilisha ikilowa, na kufungua dirisha jua likiwaka tu. Moto alikataza kabisa, maana mti ukikauka haraka unapasuka.

Akiwa safarini Kabambare, mvua ikashika mfululizo. Madamu, mke wake, akaona ukungu kwenye sanamu ya mama aliyebeba mtoto, ile bwana anayoipenda kuliko zote. Akaniambia, "Leta jiko la makala."

"Madamu, bwana alikataza."

"Bwana haiko. Mimi iko. Leta."

Nikaleta jiko limejaa makaa ya moto, akafunga mlango. Mchana tukasikia mlio kama kuni inavunjwa. Sanamu ilikuwa imepasuka toka kichwani mpaka kifuani. Madamu akakaa sakafuni akalia. Halafu akanishika mkono. "Utasema ni wewe. Mimi, atanirudisha Ulaya, watoto abaki nao. Wewe atakupiga tu, itaisha."

Haitaisha. Mtunza bustani alipigwa fimbo kwa ajili ya kikombe alichovunja, mpaka leo anatembea ameinama.

Mke wangu ananiambia, "Baba watoto, twende kwetu Wamaza. Mutu akishapigwa vile, harudi alivyokuwa." Lakini nikikimbia watasema nimeiba, na askari watamkamata baba mkwe. Nikisema kweli, nani atamwamini boyi mbele ya Madamu?

Bwana amezuiwa na njia iliyoharibika. Mimi niliyekuwa nikiichukia mvua, sasa ikinyesha napumua, ikikatika natoka kuitazama njia. Na kila asubuhi Madamu ananiita sebuleni, anafunga mlango, ananiuliza polepole, "Nani alileta moto?"

Nami najibu, "Ni mimi, Madamu."

"Tena."

Ndugu zangu, kabla njia haijakauka, niambieni: mngekuwa mimi, siku bwana akiuliza mngejibu nini?