Mbwa Aliyebadilishiwa Maji

Mwaka 1901, huko Afrika Kusini, ilithibitishwa kwamba homa inayoyageuza macho ya mbwa kuwa ya manjano huenezwa na kupe. Kufikia mwaka 1957 habari hiyo ilikuwa bado haijavuka maji kufika Chisenga, kisiwa cha kambi za wavuvi katika Ziwa Mweru, ambako mjane Idah alikuwa akikausha samaki.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto chini ya chanja, Idah alimlaza mbwa wake ubavu na kumpekua. Alianzia masikioni, akapita makwapani, akamalizia katikati ya vidole, na kila kupe akamtumbukiza katika kopo la mafuta ya taa. Mbwa aliitwa Tukamona, yaani "tutaona" kwa Kibemba, jina lililochaguliwa makusudi limchome jirani aliyesema mjane hawezi kuendesha chanja peke yake. Idah aliweza, kwa sababu Tukamona hakuruhusu fisi-maji kuwasogelea samaki. Bila mbwa huyo, chanja isingedumu.

Kilichomkera Idah kuliko kupe wenyewe kilikuwa desturi. Pande zile, mbwa akikataa chakula na kulegea, watu walisema maji ya ufuko wake yamemchoka, na dawa ni kumvusha akanywe maji mengine. Basi mbwa wa ufuko wa Puta aliletwa Chisenga, wa Chisenga akapelekwa Chienge, nao kupe wakasafiri bure. Idah alikwisha kuona kwamba kila mgonjwa aliposhushwa, mbwa wa kambini nao walianza kulegea.

Msafirishaji wao alikuwa Rodwell, ndugu wa marehemu mumewe, mwenye mtumbwi mkubwa. Alilelewa ng'ambo ya ziwa, Pweto, na Kiswahili cha huko hakikumtoka kinywani. Siku moja, mvua zilipoanza, alifika kutoka Puta, na kati ya magunia ya chumvi alilala mbwa mwekundu aliyekonda.

"Mulamu, huyo usimshushe," Idah alimwambia shemeji yake, mtumbwi ukiwa bado majini.

"Bana Ngosa," alijibu Rodwell, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama heshima inavyotaka, "huyu iko mugonjwa. Minamuletea mayi mupya."

"Tazama masikio yake. Kupe wamejipanga kama punje za mtama."

"Kupe ni nguo ya imbwa. Weye ulisha kuona imbwa yenye kutembea uchi?"

Wapakuzi wa mizigo walicheka.

"Basi mvue nguo hukohuko majini," alisema Idah.

"Mugonjwa anakuja kutafuta uzima, weye unamufungia mulango. Na kanisani unakaaka benchi ya mbele."

Hilo ufuko mzima ulilisikia, na Idah akapisha njia. Mbwa alishushwa. Jessy, dada yake Rodwell, alimpa ugali wa mihogo na kumlaza juu ya nyasi zilizowekwa kwa ajili ya kufungashia samaki, karibu kabisa na chanja ya Idah.

Idah alivuka hadi Nchelenge kuomba dawa. Karani wa serikali alimsikiliza kwa adabu, kisha akamweleza kwamba dawa ya kupe ni ya majosho, majosho ni ya ng'ombe, na huku ziwani hakuna ng'ombe.

"Au ni kichaa cha mbwa?" aliuliza.

"Hapana, bwana. Hawang'ati. Wanalegea tu."

"Basi, mama, hatuna fungu la kulegea."

Kwa kichaa cha mbwa angepewa askari mwenye bunduki. Alirudi kisiwani mikono mitupu, na kopo lake la mafuta ya taa likimngoja.

Alizihamisha zile nyasi alizolalia mgonjwa, maana kupe walikuwa wakidondokea humo. Jessy akazirudisha, kwa sababu wachuuzi walizitaka karibu. Alimfunga Tukamona nyumbani; fisi-maji wakala samaki, akalazimika kumfungua. Wiki chache baadaye Tukamona alikataa chakula. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama unga wa mihogo, na mkojo wake mweusi kama chai ya rangi iliyokolea.

"Mbadilishie maji, wifi," alisema Jessy.

"Ili nikawamwagie watu wa Chienge kupe wangu?"

"Ili apone. Ama unataka afe hapa, mradi umeshinda ubishi na Rodwell?"

Idah alikwenda kumwomba Rodwell nafasi mtumbwini. Maji hakuyaamini, lakini hakuwa na kitu kingine cha kuamini, na karani alikwisha kusema lake.

Siku ya safari alimpekua Tukamona tangu jua lilipochomoza, unywele kwa unywele, na Rodwell, aliyechoka kungoja, akaja kumshikia masikio.

"Sasa iko uchi kabisa," alisema Rodwell taratibu.

"Mfikishe hivyohivyo. Na usimlaze kwenye nyasi."

Rodwell alivua shati lake, akalitandika ndani ya mtumbwi, akamlaza mbwa juu yake, wakaondoka.

Alimwacha Tukamona kwa watu wa kambi moja karibu na Chienge. Aliporudi kumwulizia, kambi ilikuwa imehama. Haijulikani kama mbwa huyo alipona, wala kama kupe yeyote alibaki mwilini mwake. Damu yake haikupimwa kamwe, na kwa hiyo hata ugonjwa uliomshika haujulikani.