Kisanduku Namba Tisa

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu kiwanda cha nondo kifunguliwe. Hapana, naongopa, ulikuwa wa nne. Kuta zilikuwa zimeshapakwa rangi ya samawati, na bila rangi ile haya yasingetokea.

Palikuwa na fundi wa mtandao, wenzake wakimwita Kengele. Kazi yake ilikuwa kukaa chumba cha juu mbele ya skrini, angoje mashine zilie. Mashine moja ikikatika mtandaoni, taa nyekundu moja. Zikikatika arobaini, taa arobaini, na hapo ndipo alipostahili mshahara. "Usihesabu wanaolia," alipenda kusema, "mtafute aliyewapiga." Ukutani alikuwa na mchoro wake: mashine hii inapitia swichi ile, yaani kisanduku cha kugawa kebo, na swichi ile iko chumba kile. Akishapata kisanduku kimoja ambacho vilio vyote vinapitia, anataja namba na chumba, watu wanakwenda.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, skrini ikageuka nyekundu kama bucha. Ving'ora vya usalama navyo vikakatika papo hapo. Rola ya kunyoosha nondo ikaanza kuzunguka bila kuonya mtu, ikamdaka mchomeleaji mmoja, baba wa mapacha, mkono ukaingia mpaka begani. Ukelele wake ulishinda king'ora chochote.

Wenzake wakapanda ngazi na damu viganjani.

"Kengele! Nani amekata?"

"Ngojeni nitazame."

"Tungoje mpaka mkono uote?"

Kidole chake kikashuka kwenye mchoro. "Namba tisa," akasema. "Chumba cha getini."

Hawakungoja la pili. Getini alikaa mlinzi, kaka wa mke wake Kengele, ambaye kila jioni aliwapekua mpaka ndani ya soksi, na wengi walikuwa wamemwekea kinyongo. Ngazi ikanguruma.

Kengele alipofika chini, walikuwa wameshamburuta nje. Kipande cha nondo hakina adabu: kimoja kilivunja kiwiko, kingine kikatua juu ya jicho.

"Kata tena! Kata tukuone, we mpekuzi!"

"Jamani sijagusa kitu! Shemeji, waambie! Shemeji!"

Kengele alipiga kelele, akasukumwa, akala ngumi ya pua. Kati ya miguu ya watu aliona ndani ya chumba kile, na kisanduku rafuni: taa zake zote za kijani, zinakonyeza kama vile hakuna jambo.

Hapo akaelewa. Vibandiko vya namba alivibandika kwenye rafu, si kwenye visanduku. Wapaka rangi walivitoa visanduku vyote, kisha wakavirudisha popote palipokuwa na nafasi. Kompyuta ilikijua kisanduku. Mchoro ulijua rafu tu. Rangi ilipokauka aliagizwa azunguke akague, lakini siku ile goti lilimsumbua, akaweka alama zote za vema akiwa kitini.

"Acheni! Si yeye! Mchoro umekosea, nimekosea mimi!"

Wa nyuma walisikia. Wa mbele walikuwa na shughuli. Basi akajitupa juu ya shemeji yake kama godoro, akayapokea mapigo yeye. Mbavu mbili zilivunjika. Waliacha walipochoka, si walipoelewa.

Tisa yenyewe ilikutwa ofisini kwa meneja, nyuma ya pazia. Karani wake alikuwa amechomoa plagi ili achemshe maji ya chai. Maji yalikuwa bado ya moto.

Mchomeleaji alipoteza mkono, mlinzi jicho. Nyumbani, mke wa Kengele alimpakulia chakula mwezi mzima, mpaka jioni moja akamwuliza, "Ulimtaja kaka yangu?"

"Nilitaja chumba, mke wangu."

"Na yeye alikuwa humo."

Mbavu zilipounga, Kengele alirudi kazini, akazunguka na goti lake bovu akibandika namba kwenye kila kisanduku, kimoja kimoja. Na kila alipokutana na mmoja wa wale waliompiga mlinzi, bombani au kwenye foleni ya kuingia, alimsalimu vizuri, kisha akamwuliza lilelile. Huyu aliinama kufunga kamba za viatu, yule alikumbuka kwamba ameitwa.

"Mimi nilitaja chumba, ndugu yangu. Nani alitaja mtu?"