Pile Mbili Juani, Epulu

Nakumbuka siku moja kule Epulu, mwanangu, mkono wangu huu ulifuta msitu muzima. Uliniuliza kile kimasini cheusi katika kabati langu hapa Bigo ni cha nini. Nitakueleza, ingawa sina hakika nakumbuka yote sawasawa. Masomo yangu yaliishia primaire, shule ya msingi, na kaye zangu zingine, daftari zile za kazi, panya walizikula.

Nilikuwa kijana, mwandishi wa dokteri mmoja, mama aliyechunguza okapi, yule munyama wa msituni mwenye miguu ya milia. Papa Musafiri, muzee wa msitu ule, alifuata nyayo, mimi niliandika, na jioni dokteri aliingiza yote katika kimasini, kompyuta ndogo ya mukononi. Alisema cha kwanza cha ukoo wa vimasini hivyo kilikuwa kinene kama tofali, herufi zake zikifuatana a, b, c. Kisha kikaja hiki, kinachofunguka kama kifuko cha miwani. Miaka miwili ya nyayo ndani ya kiganja, na hakukuwa mahali pengine zilipoandikwa! Nilikishika kama mutu anayeshika kitoto cha ndege.

Dokteri akaenda Bunia juma moja, akaniachia kimasini. Pile zake, betri zile, zikachoka. Nikafanya vile siye wote tunafanya kwa redio: nikazitoa zote mbili, nikazianika juani zipate nguvu. Hata ile ndogo ya duara, inayolinda kumbukumbu, niliitoa, nisisemwe muvivu.

Nilipozirudisha, kikawaka. Ndani hamukuwa kitu: nyayo zote za miaka miwili zimefutika.

Nikaenda mutoni kukitupa, niseme kimeniponyoka. Papa Musafiri akaniona.

"Weye, unaenda kuoga na masini?"

Nikamwambia yote. Papa akasema:

"Masini imesahau. Miye nimesahau? Kamata kaye. Na dokteri akifika, utasema weye mwenyewe, mbele hajakaa, kabla hata hajaweka muzigo chini."

Siku tano tulitembea tena. Alisimama kwenye muti, akagusa gome: "Hapa okapi mama alipita na mutoto wake, wakati wa viwavi. Mutoto alichechemea mguu wa nyuma." Akaendelea hivyo, muti kwa muti. Mpaka leo sijui kipi kinanishangaza zaidi: kiganja kile kilichobeba msitu, ao kichwa cha muzee asiyejua kuandika.

Sisemi vyote vilirudi. Tarehe nyingi zilipotea kabisa. Dokteri aliposhuka garini nilisema. Alilia kidogo, kisha akasoma kaye yangu mpaka mwisho.

"Papa Musafiri, jina lako litatangulia katika kitabu nitakachoandika."

"Weka la okapi mbele," akajibu. "Ni yeye aliyetembea."

Baadaye waliotengeneza ukoo ule wa vimasini waliacha, simu zikachukua nafasi. Dokteri akanipa hiki kabla ya kurudi kwao.

Miaka yote nilijiambia kwamba hakunifundisha habari ya pile. Juzi nikafungua kaye ya wakati ule. Ni mwandiko wangu: *Pile: toa moja, rudisha, kisha ingine. Zisitoke pamoja.* Alinifundisha. Nilimuonea moyoni miaka hii yote.

Basi, mwanangu, simu yako inabeba mengi kuliko kimasini kile. Usiweke kitu cha thamani mahali pamoja tu. Ukiharibu, sema mbele mwenye kitu hajakaa. Na kabla ya kumulaumu mutu, soma kwanza uliyoandika mwenyewe.

Mungu akupe kichwa cha papa Musafiri. Na siku kichwa kitakapokushinda, akupe kinywa chepesi cha kukiri.