Shangazi Fusae, Mpigaji wa Pili

Shangazi yangu Fusae anatengeneza tofu, vipande laini vya maziwa ya soya yaliyogandishwa, na kwa miaka ishirini na minne amekuwa mpigaji wa pili, yaani wa pili kuingia na gongo, wa timu ya besiboli ya wanawake wa hapa kwetu Minase. Mwenyewe husema kazi zote mbili anazifanya kwa mkono uleule. Tofu ikiwa bado ndani ya maji huibani. Unaingiza kiganja chini yake, unakilegeza, unaiacha ikukalie. Mama mkwe wake alimfundisha hivyo alipoolewa, kwa kumnyima chai kila alipovunja kipande. Alipojiunga na timu akiwa na miaka ishirini na saba, kocha wa wakati ule alimwona alivyo mfupi, akamwonyesha jinsi ya kugusa, yaani kuupokea mpira kwa gongo bila kuupiga. Shangazi akacheka, akamwambia, "Hii ni tofu tu, Kocha."

Tangu siku hiyo akawa mgusaji wa Minase. Mpigaji wa kwanza, Chiyomi, ambaye husambaza barua za posta kwa baiskeli, huchaguliwa kwa sababu ya mbio zake. Chiyomi akifika kituo cha kwanza, Shangazi anaingia, analilaza gongo mbele ya kifua, na mpira unaligonga na kudondoka karibu na miguu yake kama uliochoka. Wapinzani wanaukimbilia, wanamtoa yeye. Lakini wakati huo Chiyomi ameshafika kituo cha pili; akivizunguka vituo vyote mpaka nyumbani, pale tunapopigia, ni bao. Anaporudi benchi wenzake wote husimama na kumgonga viganja, kana kwamba ndiye aliyefunga. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu aliyetolewa kwa ajili ya mwenzake hapokewi akiwa peke yake.

Mwaka huu tulipata kocha mpya, Sawako, mwalimu wa michezo aliyehamishiwa shule ya kati. Alikuwa na miaka thelathini na minne, sauti ya chini, na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka amalize. Wiki ya pili alinifuata maktaba ninakofanya kazi.

"Nasikia wewe ndiye unayeandika daftari la mechi."

"Mimi, na kabla yangu mama yangu."

"Yote mnayo?"

Yote tulikuwa nayo. Aliniomba nihesabu jambo moja. Mchezaji wetu akiwa kituo cha kwanza na bado hakuna aliyetolewa, tulifunga mara ngapi tulipogusa, na mara ngapi tulipopiga kwa nguvu? Ilinichukua Jumapili tatu. Tulipogusa, tulifunga mara thelathini na tisa katika kila mia. Tulipopiga, arobaini na sita. Nikampa karatasi, na ile njia ya kurudi nyumbani nikaiona ndefu.

Sawako hakuificha. Aliisoma mbele ya timu nzima, uwanjani, sote tumekaa chini kwenye vumbi. "Kila mguso tunawazawadia wapinzani mtu mmoja bure," alisema. "Wakitolewa watatu tu, zamu yetu imekwisha. Kuanzia sasa tunapiga. Mitsue anauvusha mpira juu ya ukuta, na wengine watajifunza."

Mitsue, anayebeba magunia ya mchele ghalani, aliangalia viatu vyake. Hakuna aliyemtazama Shangazi.

"Mama Fusae," Sawako akasema, "si wewe ninayekulaumu."

"Najua. Unalaumu hesabu." Kisha Shangazi akanigeukia. "Umehesabu vizuri?"

"Mara tatu, Shangazi."

"Basi ni kweli." Akapangusa suruali yake. "Mechi za mkoa ni Septemba. Majina utaandika lini?"

"Baada ya mechi na timu ya Kurohama. Mwisho wa Agosti."

"Na wa pili bado hujamwandika."

"Bado."

"Sawa," akasema Shangazi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Asubuhi iliyofuata alifunga tairi kuukuu la lori kwenye nguzo nyuma ya duka. Tofu ya kwanza ikishatoka kwenye kalibu, kabla wateja hawajaja, alilipiga tairi lile kwa gongo mara mia mbili. Tafu, tafu, tafu, mtaa mzima ukisikia. Mumewe, mjomba Eikichi, akawa anajibu maswali dukani.

"Wananiuliza kama siku hizi soya tunaitwanga kwa tairi," alilalamika.

"Waambie ndiyo. Ndiyo maana ni laini."

Mwezi Mei alipangwa wa saba katika mechi ndogo, akazungusha gongo kwa nguvu zake zote. Sisi tunacheza na mpira wa raba wenye uwazi ndani, si ule mgumu wa wanaume wa kulipwa. Ukiupiga kwa nguvu kutoka chini unabonyea kwenye gongo, unapanda juu, unashuka taratibu kama mwavuli. Mara tatu aliupandisha, mara tatu ukadakwa. Mwezi Juni vilevile. Mitsue aliweza kuuvusha ukuta kwa sababu ana mabega ya Mitsue. Sawako akaanza kumweka benchi, kwa adabu, akimletea yeye mwenyewe kikombe cha chai ya shayiri, jambo lililozidi kuuma.

"Da' Fusae, pumzika bwana," Chiyomi alimwambia siku moja. "Umetugusia vya kutosha."

"Mimi nikipumzika nitafanya nini? Nitakuja kukutazama unavyokimbia?"

"Watu wengine hulipa kunitazama."

"Hao ni mbwa wa kwenye njia yako ya barua."

Mwishoni mwa Julai niliombwa kumrushia mipira ugani, kwenye ardhi ngumu ambapo zamani walianika samaki. Narusha vibaya, lakini alisema kurusha vibaya kunatosha. Ilikuwa joto la kuchosha na alikuwa ameshapiga tairi tangu alfajiri. Katika mpira wa thelathini hivi mikono ilimshinda. Gongo likashuka badala ya kupanda, likaupiga mpira kwa upande wa juu. Ukagonga ardhi mbele ya miguu yake, ukaruka. Uliruka juu ya kichwa changu, juu ya paa la kibanda, na tukasikia chubwi.

"Ni nani ametupa mpira kwenye soya zangu?" Mjomba Eikichi akauliza kutoka ndani.

Shangazi aliinama. Alikuwa anaitazama ile alama iliyobaki kwenye ardhi. Akanyoosha kidole juu, taratibu, akaifuata njia ya mpira mpaka kwenye paa.

"Nimeupiga chini," alisema.

"Samahani, nilirusha vibaya."

"Rusha vibaya tena. Hivyohivyo."

Mpaka jua linaingia tulikuwa tumepoteza mipira minne. Jambo lilikuwa wazi. Kadiri alivyoupiga kwa nguvu kuelekea chini, ndivyo ulivyoruka juu zaidi. Miezi mitatu ya tairi ilikuwa imempa nguvu ambayo hakujua aipeleke wapi. Angani haikumfaa. Ardhini ilimfaa, maana mpira uliokwisha kugusa ardhi hata ukidakwa haumtoi mpigaji papo hapo. Mjomba Eikichi alifunika pipa la soya kwa ubao, na kila asubuhi aliuweka mwenyewe.

Wiki moja kabla ya mechi, Shangazi alimwendea Sawako akiwa na tofu mbili ndani ya ndoo. Nilikuwepo kwa sababu ndoo niliibeba mimi.

"Kocha, nipe nafasi ya pili dhidi ya Kurohama. Mechi nzima."

"Mama Fusae, nimesema hatugusi."

"Sitagusa."

"Hata mara moja?"

"Nitasimama kama ninayegusa. Kusimama hukukataza."

Sawako aliitazama tofu ndani ya maji. "Mechi nzima," alisema. "Lakini nikiona ni yaleyale, wa pili nitamwandika mtu mwingine, na sitakuja dukani kwako kukuomba radhi."

"Ukija, nunua."

Kurohama wanatujua tangu mama yangu alipokuwa akiandika daftari. Mlinzi wao wa kituo cha tatu, Tokie, muuza mboga mwenye sauti ya mnada, amekuwa akimkimbilia Shangazi kwa miaka kumi na tano. Chiyomi akiwa kituo cha kwanza na Shangazi akiwa na gongo, Tokie husogea mbele hata kabla mpira haujarushwa. Hata yeye hajiulizi kwa nini. Mpigaji wa pili hugusa, kama vile wali huja na supu.

Zamu ya kwanza Chiyomi alifika kituo cha kwanza. Shangazi akaingia, akauinamia uwanja, akalilaza gongo.

"Haya, tofu inakuja," Tokie akaita, akisogea. "Lainisheni mikono, jamani."

Mpira ukarushwa. Shangazi alilivuta gongo nyuma, akalishusha, akaukosa kabisa. Benchi lao likacheka. Mara ya pili na ya tatu akaukosa vilevile, akatolewa. Alirudi benchi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minne hakuna aliyesimama, maana hakuwa amemsogeza mtu. Alikaa, akanywa maji, akafunga upya kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa vizuri.

Alipoingia tena zamu ya baadaye aliupiga, lakini pembeni, ukaviringika nje ya mstari, kisha akatolewa tena. Sawako alikuwa na karatasi ya majina kwenye goti lake. Niliona kwamba mstari wa pili ulikuwa mtupu na kalamu iko wazi.

Mitsue alivusha ukuta katika zamu ya nne na kutuletea mabao mawili. Kurohama nao wakayarudisha. Zamu ya saba, ya mwisho, ilikuwa mbili kwa mbili, na sisi ndio wapigaji wa mwisho. Chiyomi akapewa kituo cha kwanza baada ya mrushaji kukosea mara nne. Shangazi akasimama.

"Da' Fusae," Chiyomi akamwita kutoka kituoni, "mpira ukirushwa tu mimi naondoka. Usiniache katikati."

"Wewe kimbia. Posta hawaulizi barua ina nini."

Akalilaza gongo. Nilidhani Tokie angekuwa amejifunza kutokana na zile zamu mbili. Lakini ilikuwa zamu ya mwisho, mabao sare, mtu kituo cha kwanza, na mwanamke yule ndiye aliyekuwa mbele yake. Miguu yake ilikwenda yenyewe. Alifika nusu ya njia, mikono imeshuka chini, tayari kuokota.

Shangazi akavuta gongo na kulishusha kama anayepiga tairi. Mpira ukagonga ardhi ngumu na kupanda. Tokie alisimama, akarudi hatua moja, akaruka mikono juu. Ulimpita juu ya vidole, ukaanguka pale ambapo angekuwa kama angebaki mahali pake. Mpaka mtu wa nyuma anaufikia, Chiyomi alikuwa kituo cha tatu na Shangazi amekanyaga cha kwanza, ameshika magoti, anahema.

Mitsue akaupiga juu sana. Haukuvuka ukuta, ulidakwa mbali, lakini Chiyomi aliusubiri udakwe ndipo akakimbia nyumbani. Tatu kwa mbili.

Tulipanga mstari na kuinamiana. Tokie alimshika Shangazi mkono. "Miaka kumi na tano," alisema. "Miaka kumi na tano unaniwinda."

"Wewe ndiye uliyekuwa unakuja."

Sawako alikuja na karatasi yake. "Mama Fusae, mara moja haithibitishi kitu. Leo umetolewa mara mbili, umefaulu mara moja."

"Najua. Ndiyo maana nataka mara nyingine."

Sawako akageuza karatasi ili sote tuione. Kwenye mstari wa pili alikuwa ameshaandika jina la Shangazi. Wino ulikuwa umekauka, kwa hiyo nadhani aliliandika wakati mpira wa Mitsue ungali hewani, kabla hajajua kama tutashinda.

Kesho yake nilipita dukani kununua tofu ya mama. Nyuma ya ukuta nilisikia tairi. Shangazi alitoa kichwa, jasho likimtiririka.

"Lile daftari," alisema, "fungua ukurasa mpya. Usinichanganye na hesabu za zamani. Anza kunihesabu leo."