Hariri ya Sikio la Kushoto

Kila majira ya kuchipua Anzirat humtoa mumewe kwenye chumba kizuri cha nyumba na kukikabidhi kwa viwavi. Mazulia hukunjwa, magodoro husukumwa ukumbini, na Mamasoli hulala karibu na jiko akilalamika kwamba mkewe ameolewa na wadudu. Kwetu Margilan, mji wa hariri, hakuna anayeshangaa. Viwavi wa hariri wakishaingia, wenye nyumba ni wao. Hukaangi kitunguu karibu, hujipaki manukato, na hupazi sauti, kwa sababu kiwavi akishtuka, wanasema wazee, huacha kula. Kwa hiyo watu wa nyumba za hariri hunong'ona mpaka vifuko wanavyojisokotea viwavi vimekamilika.

Kunong'ona huko ndiko kulikompa Anzirat pahali pa kusemea.

Sikio la kushoto la Mamasoli liliharibika zamani, alipokuwa askari kijana kwenye nchi ya barafu. Usaha ulitoka, ngoma ya sikio ikatoboka, na tangu hapo ukimwita kutoka upande huo hageuki. "Huku hakuna mtu," husema akiligusa. Miaka michache baada ya ndoa, binti yao wa kwanza, Sanobar, akafa kwa surua kabla hajaanza shule. Mamasoli akamzika, akarudi nyumbani, na hakulitaja tena jina lile. Hakumkataza mtu. Ila kila lilipotajwa alitoka nje, na siku kadhaa chakula kilikuwa hakimpiti kooni, basi watu wakaacha wenyewe. Mke wa kwetu hamwiti mumewe kwa jina lake, humwita kwa mtoto wake wa kwanza. Anzirat alikuwa akisema Baba Sanobar. Alipozaliwa mtoto wa kiume akaanza kusema Baba Ravshan, na mtaa mzima ukamfuata.

Lakini mle chumbani, walipokaa bega kwa bega wakipukutisha majani ya mforsadi, chakula cha viwavi, Anzirat alikuwa akikaa kushoto kwa mumewe. Na huko, kwa sauti ya chini, alimwambia yote. "Baba Sanobar, leo nimeona msichana sokoni, mwendo wake ule ule." "Baba Sanobar, mwenzake aliyezaliwa naye wiki moja ameoza binti. Na wetu naye angekuwa anatafuta mkwe." Mamasoli aliendelea kuchambua majani, usoni hana habari. Zaidi ya miaka thelathini Anzirat alisema hivyo, na kila mwaka alitoka mle chumbani moyo umepungua uzito. Alilipenda sikio lile kuliko lile linalosikia.

Kisha uzee ukabisha hodi sikio la kulia. Anzirat akiomba chumvi, Mamasoli anajibu kwamba ng'ombe ameshakula. Wajukuu walicheka, na yeye alicheka nao. Baridi ilipoingia, lori likampigia honi kwenye daraja la mfereji, likapiga tena, na Mamasoli akaendelea kutembea katikati ya njia na mikate yake kwapani. Dereva alikwepa kwa kudra ya Mungu. Jioni ile ile Anzirat alimpigia simu Dilnavoz, binti wa kaka yake, anayefanya kazi kwenye maabara huko Fergana.

Dilnavoz alikuja Ijumaa, akala pilau, ndipo akatoa mkobani kisahani cha kioo chenye kifuniko.

"Shangazi, vile vifuko vyenu vyenye madoa, na vile nondo alivyotoboa akitoka, ambavyo kiwandani wanavikataa. Unajua sisi tunavichukua?"

"Mnavifanya nini, supu?"

"Hujakosea sana. Tunavichemsha na magadi mpaka gundi yote itoke. Halafu tunauyeyusha uzi kwenye maji ya chumvi kali, tunaitoa chumvi, tunamimina kwenye kisahani, kinakauka. Hakitupwi kitu."

Ndani ya kisahani mlikuwa na utando, laini na mwangavu kama ule wa ndani ya ganda la yai. Anzirat aliogopa hata kuupumulia.

"Hii ni hariri?"

"Hariri ile ile ya viwavi wako. Sisi tunaiita polima. Ni chembe zilizoshikana mikono, mstari mrefu, na mistari yenyewe imesukwa pamoja. Tunaifumua, tunailaza upya tunavyotaka. Daktari anauweka utando kwenye tundu la ngoma ya sikio lile la kushoto, na ngozi ya ngoma inatambaa juu yake taratibu mpaka inakutana. Ikishaziba, hariri inaisha yenyewe. Mwili unaila."

Mamasoli, aliyekuwa ameelezwa yote kwa kupigiwa kelele sikio la kulia, aliweka bakuli lake la chai chini.

"Hariri ni haramu kwa mwanamume."

"Si nguo hiyo, mjomba. Ni dawa."

"Mabegani haramu, sikioni halali? Nani kasema?"

Dilnavoz alimtazama shangazi yake amsaidie. Anzirat alimimina chai nyingine, na ukweli lazima usemwe: alifurahi. Alishukuru kwamba mumewe ni mbishi. Sikio lile likifunguka, Sanobar atazikwa mara ya pili, maana hapatakuwa tena na pa kumtajia. Kisha akalikumbuka lori, akajionea haya.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa Imamu Sobithon, aliyesoma dawati moja na Mamasoli. Imamu akaja kunywa chai, akamsogelea mwenzake upande wa kulia.

"Mgonjwa ana ruhusa yake, Mamasoli. Hilo halina mjadala. Na wewe maisha yako yote umelishwa na viwavi, leo ndiyo umeikumbuka dini?"

"Nimechelewa kuikumbuka, si kosa."

"Umechelewa kuikumbuka, na umewahi kuitumia vibaya. Nenda kwa daktari."

Mamasoli hakucheka. Alimtazama mkewe kwa muda, kama mtu anayepima kina cha maji.

"Na wewe unataka?"

"Nataka."

"Kweli unataka nisikie huku?"

Anzirat aliinamia birika la chai. "Nataka, Baba Ravshan."

"Haya," akasema mzee. "Mmeshinda."

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Walilitia sikio ganzi, daktari akauweka utando, akajaza pamba, akamwambia asipenge kwa nguvu wala asiingize maji. Wiki zikapita. Walipoitwa tena, daktari, mama mmoja mwenye taa kichwani, alichungulia na kutabasamu. Tundu limeziba. Mamasoli alipopelekwa chumba cha pili kupimwa, Anzirat aliuliza alichokuwa amekihifadhi siku zote hizo.

"Sasa litasikia kweli, daktari? Lilikuwa limekufa miaka yote."

"Halikuwa limekufa, mama. Tundu hupunguza sauti, halizimi. Mtu wa mbali mumeo hakumsikia. Wa karibu, akiwa bega kwa bega naye, alimsikia, hata akinong'ona."

Anzirat akakaa kwenye benchi. Alijihisi kama mtu aliyevuliwa mtandio mbele ya watu. Maneno yote yale, kila mwaka, yalikuwa yakimfikia mtu ambaye jina moja tu lilimnyima chakula. Alimtesa miaka thelathini akidhani anasema na ukuta. 

Majani ya mforsadi yakachipua. Mazulia yakakunjwa, viwavi wakaingia, na Anzirat akakaa kulia kwa mumewe. Alinong'ona habari za majani tu, na za trei ipi ibadilishwe. Siku moja, viwavi wakila kwa pupa, Mamasoli akainamisha kichwa.

"Wanatafuna," akasema. "Sikujua wana kelele hivi." Akamgeukia mkewe. "Mbona umehama?"

"Nimehama wapi?"

"Umekuja upande wa watu wote."

Anzirat alivuta kitawi cha majani. "Daktari aliniambia ulikuwa unasikia. Nisamehe. Nilikuumiza sikujua."

"Si yote. Ukigeuza uso nilikuwa sipati. Kuna mambo uliyaanza, mwisho wake sijaujua mpaka leo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha." Mamasoli alichambua jani, akaliweka juu ya trei taratibu. "Mimi jina lake halitoki mdomoni, Anzirat. Nimejaribu nikiwa shambani peke yangu, halitoki. Basi nikawa nangoja miforsadi ichipue, nije nilisikie kwako. Na nilijua siku hili sikio likipona utanyamaza. Imamu angekawia kidogo tu, ningewashinda."

Anzirat alifuta macho kwa ukingo wa mtandio. Akainuka, akazunguka trei, akaketi kushoto.  Miaka yote alikuwa amelisema jina lile pahali alipojua hakuna mtu, na sasa mtu yupo, ameinamisha kichwa, mikono imejaa majani, anangoja.

"Baba Sanobar," akanong'ona.

"Naam," akasema Mamasoli.